Nyumba ya Tatu Baada ya Kofia Nyekundu

Isobe Tokuji,
Kichochoro cha Chini, Kilimani,
Uwajima.

Mhariri,
Jarida la Vijiti Safarini,
Tokyo.

Ndugu Mhariri,

YAH: NYUMBA YANGU, AMBAYO SI MKAHAWA

Natumaini barua hii inakukuta umeshiba. Mimi ninayeiandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, bakuli nimelipakata, kwa sababu ndani hakuna nafasi. Na kama ndani hakuna nafasi, sababu ni wewe. Nalisema hili kwa heshima zote, na ningelisema nimeinama kama ndoo ingeruhusu.

Mimi ni msoma mita za maji mstaafu. Kwa muda wote wa kazi yangu nimeingia nyumba za watu, nikasoma nilichotumwa kusoma, nikatoka bila kukaa wala kuonja kitu. Kwa hiyo naijua vizuri tofauti kati ya nyumba ya mtu na mahali pa biashara. Jarida lako, pamoja na picha zake zote nzuri, limeshindwa kuiona tofauti hiyo.

Katika toleo lako la majira ya kuchipua uliandika makala ya kuwaelekeza wasafiri wapi wale na wale nini. Kwa mji wetu ulimsifu Mzee Onishi wa kichochoro cha juu, ukamwita bingwa. Ulisema mkahawa wake hauna kibao wala orodha ya vyakula, na kwamba mwenyewe hasemi na mtu, hununa tu kama amefiwa, dalili ya kwamba supu yake ni ya kweli. Hayo yote ni sahihi. Kisha ukaeleza njia: msafiri apande kilima kutoka stesheni mpaka amkute Jizo, yule mtakatifu wa jiwe wa kando ya njia, mwenye kofia nyekundu, halafu ahesabu nyumba tatu mkono wa kushoto.

Ndugu Mhariri, kilima hiki kina Jizo wawili. Wa kichochoro cha juu alikuwa na kofia nyekundu tangu zamani. Wa kichochoro chetu, ambaye msafiri humkuta kwanza, alikuwa kichwa wazi. Lakini wiki ile ile jarida lako lilipotoka, mke wangu Mitsuyo alikuwa amemfumia mjukuu wetu kofia. Binti yetu Kanae akapiga simu kutoka Sapporo kusema kichwa cha mtoto kimekwisha kukua, haitamwingia. Mitsuyo akaichukua kofia akaenda kumvika Jizo, maana naye ni mlinzi wa watoto na wasafiri, na kichwa chake hakikui. Kofia yenyewe ilikuwa nyekundu.

Sisi tunakaa nyumba ya tatu, mkono wa kushoto.

Wa kwanza kuja walikuwa akina mama wanne kutoka Osaka. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, nami nimekaa mahali pangu dirishani na fulana ya ndani, nasoma gazeti. Mlango ukasukumwa. "Samahani baba, kuna nafasi ya watu wanne?" Mimi kwa mshangao nikawatazama tu. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Ndiye mwenyewe huyu. Umeona alivyonuna? Tumefika."

Labda utauliza kwa nini hatukuwaambia wamepotea. Swali hilo angeuliza mgeni, wewe huna haki nalo. Unajua kama mimi kwamba kumwambia mtu aliyekwisha kuvua viatu kuwa amekosea nyumba ni kumpa aibu ya kwenda nayo hadi Osaka. Mitsuyo akatoka jikoni akifuta mikono, akasema, "Karibuni, ila hakuna cha maana." Maneno hayo kila mtu wa nchi hii huyasema kabla ya kuweka chakula, hata kama nyuma yake kuna sherehe. Basi wale mama wakatazamana kwa furaha na kukaa. Wakapewa mchuzi wa bizari uliolala, na wali, na achari ya figili. Mchuzi wa bizari ukilala ndipo unapokolea, hilo hata mtoto analijua, lakini mmoja wao aliandika kwenye simu yake kwamba katika nyumba hii mchuzi "huachwa ukomae".

Tangu siku hiyo sina raha. Naomba niyaweke malalamiko yangu kwa mpangilio, kama nilivyozoea kazini.

1. Kiti changu. Dirishani nimekaa tangu nioe. Sasa wanakaa watu kutoka Nagoya. Nikitaka kula, nangoja mpaka atoke mtu, na juzi kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aligeuka akaniambia kwa huruma, "Baba, fika mapema kesho. Hapa panajaa." Nilimshukuru. Ningefanya nini?

2. Kununa kwangu. Mimi nina uso huu tangu kuzaliwa, na kazini haukumdhuru mtu. Sasa watu wanausafiria. Wananipiga picha nikiwa na fulana. Nikafikiri, kama kununa ndiko kunakowavuta, basi nitatabasamu. Nilitabasamu mara moja, Jumatano, kwa binti mmoja wa Tokyo, na ilinigharimu. Jioni yake akaandika kwamba mzee wa kilimani hutabasamu kwa mgeni mmoja tu kwa mwaka na kwamba yeye ndiye. Alhamisi foleni ilifika kwa Jizo. Mama Kuwabara, jirani yetu, alijiunga nayo kwa sababu ameona watu wamepanga, hivyo lazima kuna kitu. Alipofika mlangoni akaniona, akasema, "Kumbe ni kwenu? Basi nipeni hivyo hivyo, nimeshangoja."

3. Ndara za chooni. Mgeni mmoja kutoka Denmaki, mtu mrefu na mpole, alikwenda msalani na kurudi mezani na zile ndara za chooni miguuni, ambazo kwetu hazivuki mlango wa choo. Mitsuyo aliziona. Mimi niliziona. Meza nzima iliziona, na kwa adabu hakuna aliyesema neno. Wageni wawili wa Kobe, wenyeji kabisa wa nchi hii, wakaona tumenyamaza, wakafikiri ni desturi ya nyumba. Mgeni alipozivua, nao wakaenda wakazitwaa. Ziko mbili tu, wakagawana, kila mtu mguu mmoja.

4. Marehemu baba. Baba yangu alikuwa dereva wa basi, na katika maisha yake hakuwahi kuchemsha hata yai. Picha yake ipo sebuleni katika kabati la kuwaombea wafu wetu, pamoja na kibakuli chake cha wali na kengele. Wageni wakaamua huyo ndiye mwasisi wa mkahawa. Mitsuyo hapokei malipo. Wa kwanza walipoacha noti chini ya bakuli, aliwakimbiza na aproni hadi chini ya kilima akawarudishia. Basi sasa wanampa baba. Wanapiga kengele, wanaunganisha mikono, wanaweka noti mbele yake, na kitu kilichotolewa kwa marehemu hakuna mkwe anayethubutu kukirudisha. Baba alipokuwa hai hakuwahi kuheshimiwa hivi, hata na mimi. Mzee mmoja alilia mbele ya picha akasema, "Supu yako bado inaishi, bwana." Mitsuyo akamjibu, "Asante, atafurahi kusikia."

5. Njia za heshima zimekwisha. Mama yangu alitoka Kyoto, na watu wa huko hawamwambii mgeni aondoke. Humuuliza kama angependa wali uliomwagiwa chai, na mgeni mwenye malezi hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwingine. Nikainuka mwenyewe nikawauliza wageni wangu kama wangependa wali wa chai. Walipenda. Waliula wote, wakaomba tena, na toleo lako la pili likaandika kwamba msafiri asithubutu kuondoka kilimani bila kumalizia na wali wa chai. Mtu mmoja tu alinielewa. Huyo alikuwa mjane mpole kutoka Kyoto, ambaye aliposikia neno hilo aliinuka, akainama, akatoka mbio kamba za viatu zikiburuta. Mitsuyo alininyima maneno mpaka kesho yake. "Yule ndiye aliyeosha bakuli lake mwenyewe," akasema, "na ndiye uliyemfukuza."

Nikajaribu fagio. Kila bibi wa nchi hii anajua kwamba ukilisimamisha fagio kichwa chini mlangoni, mgeni mkaidi huondoka. Nililisimamisha. Wakalipiga picha. Siku ya tatu nikamsikia mtu nje akimwelekeza mwenzake kwenye simu: "Kibao hawana, wewe tafuta fagio lililopinduliwa." Kwa hiyo nyumba yangu, Ndugu Mhariri, ambayo sifa yake ilikuwa kutokuwa na kibao, sasa ina kibao, na nimekiweka mimi.

6. Mzee Onishi mwenyewe. Nilitegemea atakuja kudai wageni wake. Alikuja. Akapanga foleni, akala, akafuta mdomo. Nikamwambia, "Mzee Onishi, hawa wote ni wako, wamepotea njia." Akanijibu bila kuinua macho, "Wangu wa nini? Miaka yote nawanunia waende, hawaendi. Sasa nalala mchana. Wewe una uso mzuri kuliko wangu, kaa nao. Mama Kanae, niongezee supu." Sasa anakuja kila siku, na amemwomba Mitsuyo amfundishe kipimo cha dagaa wa supu. Mtu uliyemwita bingwa.

7. Mke wangu. Hili ndilo kubwa, na nimeliacha nyuma kwa sababu linaniuma. Kabla ya jarida lako tuliishi kwa amani. Tangu Kanae aolewe mbali, Mitsuyo alikuwa ameacha kupika, nami sikumlaumu. Jioni tulinunua vyakula vya boksi dukani, yeye lake, mimi langu, tukala mbele ya televisheni bila kusumbuana kwa maneno. Hiyo ndiyo amani ninayoitetea. Leo anaamka alfajiri kuchemsha dagaa wakavu. Anashuka sokoni na kugombana na muuza samaki juu ya macho ya changu, kama yanang'aa au hayang'ai, na anarudi mashavu yamemwiva. Amekwenda kutia rangi nywele. Amejifunza kuomba chumvi kwa Kidenmaki. Na wakati anakatakata figili, anaimba. Niliishi naye miaka mingi nikidhani hajui nyimbo.

8. Alama mlizotupa. Baada ya kutuletea haya yote, toleo lako la mwezi uliopita limetupa bakuli tatu kati ya tano. Tatu. Mwandishi wako anasema achari ya plamu "ina chumvi kupita kiasi" na kwamba "mhudumu wa kiume hana msaada". Kwanza, plamu zile zimetiwa chumvi kwa kipimo cha mama yangu, na aliyezisema vibaya hajui plamu. Pili, katika toleo la kwanza mzee wa kununa alikuwa bingwa mwenye nyumba. Nimeshushwaje cheo hadi mhudumu bila hata kuitwa kujitetea? Tatu, supu ya Mitsuyo siku hiyo nimeinywa mimi mwenyewe, juu ya ndoo hii hii, na ilistahili tano. Kama mna nia ya kupotosha wasafiri, wapotosheni kwenye njia tu, msiwapotoshe kwenye supu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, chapisheni marekebisho kwamba nyumba ya tatu katika kichochoro cha chini ni ya mstaafu, na kwamba ndani yake hapaliwi chochote. La pili, sahihisheni zile bakuli ziwe tano, ili nyumba ambayo hapaliwi chochote isiharibiwe jina.

Na kwa kuwa sipendi kulalamika bila kutoa msaada, nawaorodheshea hapa mahali ambapo msafiri anaweza kula badala ya kwangu. Stesheni pana tambi nene nzuri, ingawa supu yake ni nyepesi ukishaizoea ya Mitsuyo. Sokoni kuna mama anayekaanga samaki wa kusaga na mifupa yao. Wanaliwa wakiwa moto, umesimama, na ni watamu, ila Mitsuyo huwakaanga kwa mafuta mapya. Kando ya bandari wana changu mbichi juu ya wali wa moto, na yai, na mchuzi wa soya. Hicho ndicho chakula cha mji wetu, na msafiri asipokila amepoteza nauli. Lakini aangalie macho ya samaki, na kama hajui kuyaangalia, amuulize Mitsuyo. Nimejaribu kufikiria mahali pengine pa kumpeleka mtu bila kumwonea, nimekosa.

Nimeacha kuandika kwa muda mfupi, nimerudi sasa. Nilipokuwa nikisoma tena malalamiko yangu hapa juu, nimeona hakuna sababu ya kusubiri Tokyo wakati dawa iko hatua chache kutoka mlangoni. Nimekwenda kwa Jizo wetu, nimemwomba radhi, nimemvua kofia, na fagio nimelitoa mlangoni. Sikuitupa, mimi si mtu wa kutupa kofia ya Jizo. Nimepanda nayo hadi kichochoro cha juu nikamvika yule mwenzake, ambaye sasa ana kofia mbili, moja juu ya nyingine, na anaonekana kama mtu mwenye homa. Kuanzia kesho wasafiri wako watampita Jizo wetu bila kumtazama. Nitakaa dirishani. Nitasoma gazeti langu hadi ukurasa wa mwisho.

Nisalimie mwandishi wako, na umwambie plamu hutafunwa polepole. Nisalimie mchora ramani, naye umwambie ahesabu masanamu. Wasalimie wapiga picha wote, na yeyote anayekupikia nyumbani, kama wewe unacho kiti cha kukalia.

Ndimi ninayengoja mtu atoke,
Isobe Tokuji

Tanbihi. Barua hii bado haijapelekwa posta. Niliiweka juu ya redio nikingoja stempu, na wakati huo mambo yakaenda kama nilivyotaka, jambo ambalo sikulitarajia kuwa baya.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Mitsuyo alikuwa amechemsha dagaa tangu alfajiri na amenunua changu wawili wenye macho ya kung'aa. Akafunga aproni, akakaa jikoni, mara anapunguza moto, mara anauongeza. Adhuhuri akasema, "Labda ni mvua." Nje jua lilikuwa linawaka. Mimi nilikaa dirishani kwenye kiti changu, na chakula kikaletwa kwangu peke yangu, supu, samaki, na zile plamu, na kilikuwa kitamu, nami nikakila nikiutazama mlango. Mzee Onishi naye hakuja. Nilikuja kusikia kwamba kwake pamejaa na kwamba amekasirika sana.

Siku ya pili ikawa vile vile. Jioni Mitsuyo akaivua aproni, akaikunja vizuri, akaitia kwenye droo. Akasema bila kunitazama, "Baba Kanae, kesho tununue vya boksi tu."

Ndugu Mhariri, niliogopa. Nilikuwa nimeitetea ile amani kwa kurasa zote hizo, na nilipoisikia ikirudi nyumbani, sikuitaka.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nikavaa shati juu ya fulana, nikafunga vifungo vyote, nikaizunguka nyumba, nikausukuma mlango wa mbele. Nikasema, "Samahani mama, kuna nafasi ya mtu mmoja?" Alinitazama, mikono imeshuka. Nikaongeza kwamba nimesikia habari za supu. Akaifungua droo, akaifunga aproni kiunoni, akasema, "Karibu, ila hakuna cha maana."

Nilikula bakuli mbili. Aliimba wakati wa kuosha vyombo.

Kofia siwezi kuirudisha. Kumvua Jizo mara moja mtu anaweza kuomba radhi, mara ya pili ataonekana mwizi mzoefu. Kwa hiyo nimefuma nyingine mwenyewe bandani, kwa siri, na imetoka kama soksi. Lakini ni nyekundu.

Tafadhali usichapishe marekebisho niliyoomba. Chapisha haya: ukipanda kilima kutoka stesheni, Jizo wa kwanza utakayemkuta, mwenye soksi kichwani, hesabu nyumba tatu mkono wa kushoto. Fagio limepinduliwa tena. Achari ina chumvi inayotakiwa. Mzee wa nyumba atanuna, msimjali. Kiti cha dirishani ni chake, ila mkiwa wengi atahama.